Kisa cha vitofali vya "haina sukari" vilivyokuwa na sukari nyingi kuliko vya sukari

Hiki kisa nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, nimebadilisha vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha na mji nauacha tu kama "mji wa pwani". Huyu mwokaji nitamwita Mama K. Mimi nafundisha uokaji, darasa dogo tu la watu sita sita, na Mama K alipita kwangu miaka kadhaa nyuma, kwaiyo kwenye hii habari mimi sio mtazamaji, kuna sehemu nimeharibu mimi mwenyewe na nitasema wapi.

## Hali ilivyokuwa kabla

Mama K anaoka nyumbani. Oveni moja ya gesi na umeme, friji moja ya familia, mzani wa jikoni wa betri. Biashara yake kubwa ni keki za birthday na visheti, alafu alikuwa na kitu anakiita vitofali, yaani vipande vya mstatili vya oti na ndizi, vinaokwa kwenye trei ya sentimita 20 kwa 30 na kukatwa 24. Wengine wanaita baa za matunda lakini yeye hataki hilo jina, anasema baa ni mahali mume wa mtu anapotea au ni janga, kimoja kati ya hivyo.

Resipi yake ya zamani: oti grami 300, unga wa ngano 100, sukari 200, siagi ya kopo 120, mayai mawili, ndizi mbivu mbili, mdalasini. Inatoka vizuri kila siku, haijawahi kumuangusha. Shika hiyo namba ya sukari 200 kwa trei nzima, tutairudia.

Mwaka jana kuelekea mwisho akapata oda kutoka kwa dada mmoja wa kikundi cha mazoezi, wanakutana alfajiri ufukweni mara tatu kwa wiki. Oda ya vitofali 60 kila wiki, shilingi 1,500 kimoja. Sharti moja: visiwe na sukari. "Wala asali dada, maana najua mtaniwekea asali mseme ni dawa."

## Jaribio la kwanza: kutoa sukari tu

Alichofanya Mama K ni kile ambacho karibu kila mtu hufanya, alitoa sukari akaacha vingine vyote vilivyo, alafu kufidia utamu akaongeza ndizi kutoka mbili hadi tano.

Alinitumia picha. Juu vimepauka kama chapati iliyotolewa mapema, pembeni vinamomonyoka, katikati ukibonyeza unahisi uji ulioganda. Aliviacha usiku, asubuhi pembeni pamekuwa pakavu kama kuni na katikati bado mbichi. Akanipigia, "Mwalimu, ndizi zimenigeuka."

Ndizi hazikumgeuka. Watu wengi wanadhani sukari kwenye kuoka kazi yake ni utamu, kumbe utamu ni kazi moja tu kati ya nyingi. Chukua kashata. Kashata inashikana kwa sababu sukari imeyeyuka ikawa shira alafu ikapoa ikakamata karanga, ukiitoa sukari huna kashata ya mwenye kisukari, una karanga kwenye sahani. Kwenye kitofali ni hivyohivyo kwa kiasi chake, sukari inayeyuka kwenye oveni, inashika oti, na pia inang'ang'ania maji ili kitu kisikauke kesho yake, na inasaidia kupata rangi. Mama K alitoa gundi, alitoa kishika maji na alitoa rangi kwa mpigo mmoja, alafu akaongeza ndizi tatu ambazo sehemu kubwa ni maji, robo tatu hivi ya uzito wake. Ndo maana ule uji.

## Jaribio la pili: tende

Hapa ndo nilipoingia mimi. Nikamwambia tumia tende, maana tende ni tunda tulilonalo sokoni mwaka mzima ambalo lina utamu na lina unatanata wa kushika oti. Unatoa kokwa, unaloweka kwenye maji ya moto dakika 15, unasaga kwenye blenda na maji yale yale hadi iwe rojo zito.

Tukaweka nusu kilo. Grami 500 za tende, ndizi tatu, oti 300, siagi ya karanga 150 badala ya siagi ya kopo (mafuta tunapata na gundi ya pili tunapata), mayai mawili, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki. Unga wa ngano tukautoa kabisa.

Trei ya kwanza iliungua pembeni. Mama K alioka nyuzi 180 kama alivyozoea na dakika ya 22 kona zilikuwa nyeusi. Hili linawachanganya watu maana jaribio la kwanza lilipauka, sasa hili linaungua, bila sukari ya mezani vyote viwili! Sababu ni kwamba sukari ya tende kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, hizo zinapiga rangi haraka kuliko sukari nyeupe, fruktosi hasa. Tukashusha hadi 160, dakika 35, trei katikati ya oveni sio chini, na juu tukafunika karatasi ya foili dakika 10 za mwisho. Vikatoka wekundu wa kahawia, vinakatika kwa kisu bila kumomonyoka, siku ya tatu bado laini.

Kile kikundi kilipagawa. Wiki ya pili oda ikapanda hadi 80.

Mama K akaprinti stika. Imeandikwa kwa herufi kubwa HAINA SUKARI, chini yake kaua kadogo. Alinitumia picha ya stika nikamjibu kwa kidole gumba. Naomba mkumbuke hicho kidole gumba.

## Siku mambo yalipoharibika

Wiki ya nne hivi, yule dada wa oda akachukua boksi moja la ziada akampelekea mama yake mzazi, bi mkubwa wa miaka sabini na kitu, ana kisukari muda mrefu na amenyimwa vitamu karibu vyote. Akamwambia mama hivi vyako, havina sukari kabisa, kula kwa raha zako.

Bi mkubwa alikula kwa raha zake. Vinne, kati ya alasiri na magharibi, na chai ya rangi. Usiku akawa anakiu kisichoisha, anaamka kwenda chooni kila saa, wakampima sukari kidoleni kipimo kikasoma 17 na ushee (milimoli kwa lita) wakati kwa kawaida anazunguka kwenye 8. Wakamkimbiza zahanati, wakamwangalia, hakulazwa, asubuhi ilikuwa imeshuka. Alhamdulillah mambo yaliishia hapo.

Simu ilipigwa saa moja asubuhi. Mama K anasema yule dada hata hakufoka, aliuliza tu swali moja, "Dada, si uliandika haina sukari?" Mama K akajibu kweli haina, sijaweka hata kijiko. Na alikuwa anasema ukweli kwa jinsi anavyouelewa.

## Tulichokaa tukahesabu

Nilienda kwake siku hiyo hiyo. Tukakaa jikoni na mzani, kalamu, na pakiti zote za vitu anavyotumia tumezimwaga mezani.

Kwanza tende. Tende kavu kwa kila grami 100 zina sukari kama grami 63 hadi 66, inategemea aina. Kwaiyo nusu kilo ya tende ina kama grami 320. Ndizi mbivu ina kama 12 kwa kila 100, tatu zikimenywa ni kama grami 300, weka 36. Jumla inakaribia 360 kwa trei, gawa kwa vipande 24, kila kitofali grami 15.

Alafu Mama K akasema hebu tuhesabu na cha zamani. Sukari 200, ndizi mbili 24, jumla 224. Gawa kwa 24. Grami 9 na kitu.

Alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Kitofali cha sukari kilikuwa na sukari pungufu kuliko kitofali cha haina sukari, na sio kwa kidogo. Bi mkubwa alipokula vinne alikula grami 60, hiyo ni kama vijiko 15 vya chai, bado hujahesabu wanga wa oti ambao nao mwisho wa siku unageuka sukari mwilini.

Najua kuna mtu atasema lakini ya tende ni ya asili, ina nyuzinyuzi, ina madini. Ni kweli ina nyuzinyuzi, kama grami 7 au 8 kwa mia, na hiyo ni faida ambayo sukari nyeupe haina. Ila nyuzinyuzi zinapunguza kasi, hazifuti namba. Na tende uliyoisaga ikawa rojo sio sawa na tende unayoitafuna na kahawa, Uingereza kwa mfano sukari ya tunda lililosagwa inahesabiwa kwenye kundi moja na ya juisi na asali, ile wanayoshauri watu wapunguze.

Pili, na hii ndo iliniuma zaidi, tukaanza kusoma pakiti. Tende alizonunua zilikuwa za boksi, zinang'aa vizuri, na nyuma kwa maandishi madogo: tende, sharubati ya glukosi. Zimepakwa. Siagi ya karanga: karanga, sukari, mafuta, chumvi. Yaani hata tukisema sio "haina sukari" bali "haijaongezwa sukari", bado ni uongo, imeongezwa na watu wengine kabla haijafika jikoni kwetu.

## Maamuzi, na kwa nini

Siku ile ile alitoa stika zote kwenye maboksi yaliyobaki. Alimrudishia yule dada hela ya wiki nzima bila kuombwa, akaandika ujumbe kwenye grupu lao, hesabu yote kama nilivyoiandika hapo juu, na akasema wenye kisukari wasile hivi bila kuongea na daktari wao. Nilimshauri asubiri tuandike vizuri zaidi, akanikatalia. Alikuwa sahihi, kusubiri ningekuwa najilinda mimi tu.

Akabadilisha malighafi: tende za kupima kwa kilo sokoni zisizopakwa kitu (hazing'ai, zina vumbi kidogo, unaosha), na karanga anakaanga na kusaga mwenyewe.

Alafu tukaamua kupunguza tende kutoka 500 hadi 200. Swali likawa ule utamu na unyevu uliopungua unafidiwa na nini. Hapo nikatoa wazo langu la pili. Ilikuwa Desemba, maembe yamejaa, nikasema weka embe dodo, saga bila kulipika, grami 400.

Vilitoka vizuri mno, kwa ladha ni bora kuliko vyote tulivyofanya, nasema mpaka leo. Vikapelekwa Jumanne. Ijumaa ikaja picha: vidoti vyeupe juu na kimoja cha kijani pembeni, na aliyetuma anasema ukifungua kontena kunanuka kama togwa iliyokaa.

Hela ikarudishwa mara ya pili.

## Kwa nini embe liliota ukungu na tende hazikuota

Tende nusu kilo zilikuwa zinafanya kazi nyingine ambayo hatukuiona, zilikuwa zinahifadhi. Sukari nyingi inayafunga maji, ukungu unakosa maji ya kutumia, ndo maana jamu inakaa kabatini na embe lililokatwa halikai. Tulipotoa tende 300 tukaingiza embe lisilopikwa 400 tulipunguza kinachofunga maji na kuongeza maji kwa wakati mmoja, kwenye joto la Desemba la pwani, hakuna muujiza hapo.

Lakini kulikuwa na kitu cha pili, siku ile Mama K alichelewa na alifungasha vikiwa bado vuguvugu, mvuke ukaganda kwenye mfuniko ukadondokea vitofali. Kwaiyo tulikuwa na washtakiwa wawili na hatujui nani kaua. Mama K akafanya kitu ambacho mimi mwalimu sikukifikiria, akaoka trei moja ya embe akaigawa, nusu akafungasha vuguvugu, nusu akaacha ipoe kwa saa tatu ndo akafunga, zote mezani. Ya vuguvugu ukungu siku ya tatu, iliyopoa ukungu siku ya tano asubuhi. Kumbe kufungasha vibaya kuliharakisha tu, mkosaji mkuu ni maji ya embe. Trei moja ya kupoteza ilitupa jibu ambalo tungebishana mwezi.

## Resipi iliyobaki

Suluhisho lilikuwa kuyatoa maji kabla ya kuoka. Nanasi badala ya embe, kwa sababu lina uchachu na msimu wa embe ulikuwa unaisha. Grami 500 za nanasi lililomenywa, linakwanguliwa, linaingia kwenye sufuria pana moto mdogo bila kitu kingine. Mwanzo linatoa maji mengi unaona kama umekosea. Endelea. Dakika 35 hadi 45, unakoroga, sauti inabadilika kutoka kuchemka hadi kuwa kama inatafuna tafuna, na ukiburuza mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi unaweza kuhesabu moja mbili tatu kabla haijajifunga. Mama K hatumii macho peke yake, alipima sufuria tupu mara moja akaandika uzito kwa maka pembeni ya mpini, anaweka sufuria kwenye mzani, ikibaki grami 200 za nanasi anazima.

Vingine: tende 200 na maji ya moto mililita 100, ndizi mbili zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi (zikiiva hivyo wanga wake mwingi umeshageuka sukari kwaiyo unapata utamu bila kuongeza ndizi), oti 300, karanga za kusaga 150, nazi kavu isiyo na sukari 60, mayai mawili, chumvi nusu kijiko, mdalasini na iliki, ganda la limao lililokwanguliwa. Nyuzi 160, dakika 35 hadi 40. Vinapoa kwenye trei kwa saa mbili, vinaingia friji usiku mzima, ndo vinakatwa. Ukikata siku hiyo hiyo vinavutika.

Na anakata 30 badala ya 24. Hesabu: tende 128, ndizi 24, nanasi 50, vingine kidogo, 210 hivi, gawa 30, grami 7 kwa kipande. Friji siku tano, friza mwezi. Vitolewe friji robo saa kabla ya kuliwa maana baridi inaua utamu, mtu akikila kimetoka tu kwenye friji atasema hakina ladha.

## Matokeo

Oda ilishuka kutoka 80 hadi 35 na ikakaa hapo, sasa iko 40 na kitu. Waliobaki ndo wale wanaopenda vitofali vyenyewe. Walioondoka wengi walisema vipya sio vitamu sana, jambo ambalo ni kweli. Yule dada alirudi baada ya wiki tatu. Bi mkubwa anakula nusu kipande baada ya chakula siku za Ijumaa, kwa makubaliano na daktari wake, na anapimwa.

## Nini kilifanya kazi na nini hakikufanya

Kilichofanya kazi zaidi ni mzani, sio resipi. Hatukuwa na maabara, tulikuwa na mzani wa betri na namba za kawaida za sukari kwenye matunda ambazo mtu yeyote anaweza kuzitafuta, na hesabu ya darasa la tano. Ingechukua dakika 20 kuifanya kabla ya stika. Hatukuifanya kwa sababu sote wawili tulishaamini jibu, tunda ni zuri, tende ni sunna, sukari ni mbaya, kwisha.

Kosa la stika ni la Mama K kwa mkono lakini mimi nilikuwa nalijua. Hapa niwe muwazi. Kuna kanuni za Codex, zile za vyakula za FAO na WHO (mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa), na zinatofautisha: ukisema haina sukari inatakiwa isizidi nusu grami kwa kila grami 100 za chakula. Sisi tulikuwa na kama 25 kwa 100! Na ukisema haijaongezwa sukari napo kuna masharti, mojawapo ni kwamba usiwe umeweka kitu chenye sukari kwa ajili ya kuchukua nafasi ya sukari, na mfano wanaoutoa wenyewe ni rojo la matunda makavu. Yaani tende yetu imetajwa karibu kwa jina. Niliwahi kuisoma hiyo, nikaifundisha hata, alafu ilipokuja picha nikaweka kidole gumba kwa sababu nilikuwa kwenye daladala na stika ilikuwa nzuri.

Kosa la embe ni langu lote. Nilifikiria utamu na harufu, sikufikiria maji, na wiki chache nyuma nilikuwa nimemhubiria Mama K kuhusu maji ya ndizi.

Kitu kimoja bado tunabishana. Mimi naona angebaki na sukari nyeupe kidogo, grami 80 kwa trei, tende 100, ingekuwa rahisi, bei ndogo na namba ingebaki karibu na 7. Mama K anasema wateja wake walisema hawataki sukari na yeye hawezi kuwapa kitu walichokataa hata kama hesabu inakubali. Namwelewa. Stika yake mpya inasema hivi: "Utamu wa tende, ndizi na nanasi. Kipande kimoja kina sukari ya matunda grami 7, karibu vijiko viwili vya chai. Mwenye kisukari aulize daktari." Kale kaua hakakupata nafasi.